Asubui Yenye Sikuvua Biatu

Siku balinipigia telefone kuniambia Maître Évariste amekufa, nilikuwa nakula, na sikuacha kula. Nilimaliza bukari, ugali yangu, nikanawa mikono, kisha njo nikauliza: matanga iko wapi? Bantu bengine, wakati muntu anakufa, banaanza kumupenda. Mi hapana. Évariste alikuwa entraîneur ya tenisi ku koleji moja ya bapadri hapa Lubumbashi, na mi nilikuwa adjoint yake, muntu ya pili, mwenye anaamuka mbele ya jua na mwenye jina yake haiandikwe fasi yoyote. Mubaya yenye alinifanyia mwaka ya kwanza iko mu tumbo yangu mpaka leo. Nikavaa shati mupya. Bibi yangu akaniangalia, akauliza: «Unaenda ku matanga ao ku ndoa?» Nikamujibu: «Naenda kusema.» Juu hapa kwetu, ku matanga, kila muntu mwenye alitumika na marehemu banamuita mbele atoe ushuhuda, na mi yangu nilikuwa nimeitayarisha tangu zamani sana, neno kwa neno, sawa mutoto mwenye anatayarisha récitation. Nilitaka bibi yake, batoto yake na bale bakubwa yote ya michezo basikie muntu gani banazika.

Sikusoma sana, nilifika mwaka ya ine ya primaire, basi mwenye anatafuta hapa maneno ya kupamba aende kwa bengine. Na mambo ya baba na mama sitaweka, haiingie mu hii habari. Nitasema mwaka moja tu. Nilikuwa na miaka makumi mbili na mbili, naikala Kasungami, kazi yangu kuvunja bichuguu. Bantu ya sasa banaona uwanja nyekundu ya tenisi na banafikiri ni rangi balipaka. Ni udongo ya muchwa. Unachagua kichuguu ya zamani, ile kubwa sawa nyumba, unapasua ngozi yake ya inje yenye iko nguvu sawa tofali, unaianika, unaiponda, unaichekecha, kisha unaimwanga, unaitia maji, unapitisha rulo, ile pipa ya chuma yenye balijaza simenti. Lakini udongo ya ndani, kule muchwa benyewe banalala, ile hauchukue. Ni laini. Rangi ni moja na ya inje, ukiimwanga ni sawasawa, lakini inakunywa maji na inaishika. Mpira ikianguka pale, inakufa. Macho haiwezi kujua. Muguu njo inajua. Juu ya ile, kila asubui ya match nilikuwa navua biatu na kutembea uwanja yote, kona kwa kona, muchezaji nyuma yangu, yeye pia muguu wazi, na namuambia: hapa itaruka, hapa italala, hapa usikimbie. Hakuna muntu alinifundisha ile. Ni kitu moja tu mu dunia yenye nilijua kupita bantu bote.

Nilikuwa naleta udongo ku koleji na mukokoteni, kisha balinibakisha kwa kupitisha rulo, kisha Évariste, tumbo yake ilianza kumuzuia kukimbia, akanipa raketi moja ya nyuzi mbili za kukatika: «Rudisha mipira kwa batoto, we rudisha tu, usifundishe.» Nilikuwa nimemuangalia miezi mingi nyuma ya rulo, nilijua kila kitu alijua, na alijua kidogo. Vile njo nilikuwa adjoint. Nililala mu magazini, chumba ya bintu ya uwanja: chokaa ya kuchora mistari, file tatu za kuoza, zile nyavu ya katikati ya uwanja, mifuko ya udongo yenye nilifanya kitanda, dirisha moja ndogo yenye inaangalia uwanja. Harufu ya ile chokaa iko mu pua yangu mpaka sasa. Na ile chokaa haikuwa ya mistari peke yake. Évariste alikuwa na biatu nyeupe, na kila asubui alikuwa anaiweka mbele ya mulango yangu, nami naipaka chokaa na kitambaa, ya kuume, ya kushoto, mpaka inangaa. Hakuwa ananiita Ngoie. Alikuwa ananiita Kichuguu. «Kichuguu, leta mipira! Kichuguu, ile mustari ni ya mulevi!» Bazazi ya banafunzi, benye balikuya na magari, balicheka. Mi pia nilicheka. Leo nikifikiri ile kicheko yangu, njo inaniuma kupita yabo.

Batoto ya koleji balikuwa bananiita Adjoint, kwa heshima, na wa kwanza kuniita vile alikuwa Mwange. Huyu alikuwa mutoto ya Katuba, miaka kumi na saba, murefu sawa muti ya antena, alikuwa anatembea kwa miguu toka Katuba mpaka koleji na kufika mbele ya bote, biatu yake imefungwa ku shingo juu alikuwa anaihurumia. Mudomo yake haikupumzika. «Adjoint, udongo inasema nini leo?» Namujibu: «Inasema we ni muvivu.» «Iambie, yeye ilale vile mi nalala, tuone.» Nilimufundisha mwaka muzima, saa kumi na mbili ya asubui, mbele Évariste hajafika na biatu yake. Revers yake ni mi. Ile service yake ya kukata, yenye bantu balikuwa banakuya kuangalia, ni mi. Évariste akifika saa mbili anasimama pembeni, mikono nyuma, anasema kwa sauti ili bapadri basikie: «Voilà! Vile nilikuonyesha jana!» Jana alikuwa Kipushi kunywa.

Ile mwaka kampuni moja ya mugodi ilitangaza kama mushindi ya coupe ya bakoleji ya Katanga, bo njo batamulipia masomo mpaka université. Kwa Mwange ilikuwa vile ao hapana kitu. Trimestre ya kwanza balikuwa bamemufukuza mu klasi mara mbili juu ya minerval, feza ya masomo. Na kwangu ilikuwa vile pia. Siku moja Évariste alikuya mu magazini, akaikala ku mufuko yangu, kitu yenye hakufanyaka hata siku moja, akasema: «Kichuguu, Mwange akishinda, mi napanda. Père recteur ananiweka mukubwa ya michezo yote. Na we unakuwa entraîneur. Ile nyumba ndogo nyuma ya uwanja unaingia. Na kontra, jina yako juu.» Nikamuuliza: «Jina yangu gani?» Akacheka: «Ngoie, bwana, Ngoie.» Ilikuwa mara ya kwanza natambua kama aliijua. Nilikuwa mujinga sana. Nilienda kuangalia ile nyumba kila mangaribi, nilikuwa nahesabu madirisha yake. Ilikuwa na ine.

Siku ya Mungu mbele ya finale, Évariste aliita père recteur, padri mukubwa ya koleji, kula kwake, na mi pia aliniita, juu balikuwa na lazima ya muntu ya kubeba meza. Bo balikula mu salon. Mi nilikula mu jikoni, ku kasha ya bière yenye baligeuza, pembeni ya mbabula, jiko ya makala. Bibi yake, Maman Béatrice, alikuwa anapika muzuri, nisidanganye: sombe, majani ya mihogo, na mafuta ya ngazi, samaki ya Moero, vinkubala, bale badudu ya miti, ya kukaanga. Bo sahani ya maua, mi sahani ya chuma yenye rangi ilitoka pembeni. Katikati ya jikoni na salon ilikuwa pazia tu. Nikasikia père recteur anauliza: «Na ule Ngoie, tutamufanya nini?» Évariste akajibu, mudomo na chakula: «Ah, mon père! Ule ni muntu ya udongo. Kwa rulo, d'accord, hakuna sawa yeye. Lakini entraîneur? Mbele ya bazazi? Na ile français yake? Atatuhaibisha. Nimeshapata kijana moja ku Kolwezi, iko na diplome.» «Umemuambia?» «Kisha match, mon père, kisha match. Nikimuambia sasa, nani atatengeneza uwanja?» Bakacheka bawili, nikasikia uma inagonga sahani. Maman Béatrice alisikia vile nilisikia. Hakuniangalia. Akachukua samaki ingine mu nyungu, akaniwekea mu sahani, akasema polepole: «Kula, baba.» Mi Évariste ninamuchukia juu ya maneno yake. Lakini ile samaki, sijui kama nilisamehe hata ile samaki. Na niliikula, mpaka mifupa.

Wiki yote sikusema kitu. Nilipaka biatu yake chokaa. Siku ya ine, mvula ya mwisho ya Pasaka ikapiga, ikachimba shimo mu kona ya kushoto, upande ya tanki ya maji. Udongo ya muzuri ilikuwa imeisha, ilibakia mifuko mbili ya ile ya ndani ya kichuguu, yenye balituletea kwa makosa na yenye nilikuwa nataka kutupa. Nikamuambia Évariste: «Maître, ile haifai, nipe siku moja nifike Kasungami.» Hakuangalia hata mifuko. «Weka tu, Kichuguu. Udongo ni udongo.» Nikaweka. Nikapitisha rulo. Kwa macho, uwanja ilikuwa muzuri sawa meza. Mu roho nikasema: sawa, umeitaka, utaikula. Nawaambia ukweli, sikumufikiri Mwange. Nilimufikiri ule na biatu yake, vile atasimama mbele ya bapadri, coupe inaenda ku koleji ya Likasi. Muntu akijaa hasira anaona muntu moja tu mu dunia.

Asubui ya finale nikasikia Mwange ku mulango. Biatu ku shingo, muguu wazi tayari. «Adjoint! Tutembee! Udongo inasema nini?» Mi nilikuwa nimelala ku mifuko, biatu ku miguu. Nikasema: «Niko mugonjwa. Tumbo. Umuulize Maître.» Akacheka: «Maître atavua zile biatu? Tutabakia bapofu kwa miguu yake!» Sikucheka. Akaingia, akainama kuniangalia, mutoto na ule urefu yake. «Ni malaria?» Nikamuambia: «Uende, Mwange. Utachelewa.» Akaenda. Nikafikiri ameenda kabisa. Kumbe alienda ku jikoni ya bapadri, akawaomba chai, akarudi nayo mu kikombe ya gobole, sukari mingi, akaiweka pembeni ya kichwa yangu, akaifunika na karatasi ya kaye yake ya masomo. «Kunywa, Adjoint. Nitashinda mbio, nikuje kukuangalia.» Kisha nikamusikia huko inje anamuuliza Évariste: «Maître, uwanja iko namna gani?» Na Évariste: «Uwanja iko sawa table! We ucheze, uache kuuliza sawa mwanamuke!» Chai ilikuwa moto. Niliikunywa.

Match nikaiangalia mu ile dirisha ndogo. Bantu balijaa, bazazi ku biti, banafunzi ku ukuta. Mwange alikuwa anachoma. Ule wa Likasi, kijana mufupi, miguu minene, alikimbia sawa mbuzi na hakufika. Set ya kwanza Mwange, ya pili ule mufupi, ya tatu balikuwa sawasawa, na hapo mwisho Mwange alikuwa upande ya tanki. Ule wa Likasi alikuwa ameshacheza pale, aliona mpira ikilala mara moja mu ile kona, akaweka mu kichwa. Akapeleka kule. Mwange akafika, akajipanga muzuri kabisa vile nilimufundisha, mabega, goti, raketi nyuma, akangoja mpira ipande mpaka ku kiuno. Haikupanda. Ilibakia ku kifundo ya muguu. Raketi ikapita mu hewa. Banafunzi ya Likasi bakapiga kelele: «Katuba, rudi kuuza makala!» Évariste akasimama: «Goti, imbécile! Inama!» Tena kule. Tena ikakufa. Mwange akaangalia chini, akagusa udongo na muguu ndani ya kiatu, na nikaona anageuza kichwa kuelekea magazini. Ningeweza kutoka. Ningeweza kuita kwa nguvu ku dirisha, neno moja tu, «mbele!», angesogea mbele na kupiga mpira ikiwa mu hewa. Mudomo ilikuwa wazi. Mpira ya tatu ikaenda mu kona, na match ikaisha.

Évariste alifika mu magazini mbele ya coupe haijapewa. Jasho ilikuwa imechora mistari mu poda ya shingo yake. «Uliweka udongo gani pale?» Nikamujibu: «Yenye ulisema niweke, Maître.» Tukaangaliana. Alielewa. Ningependa aniteme mate, anipige, niwe na kitu ya kushika. Aligeuka tu, akaenda kuambia père recteur kama mutoto ya Katuba alishikwa na woga, na bote bakaamini, juu ilibafaa kuamini. Kijana ya Kolwezi alikuya September na diplome yake na akaingia mu nyumba ya madirisha ine. Évariste hakupanda. Basi nilishinda, sivyo? Nilibakia adjoint miaka makumi tatu na moja. Balipita baentraîneur batano, bote nilibatengenezea uwanja, bote baliwekwa mu foto na coupe, mi naonekana nyuma ku foto moja, nusu ya kichwa na rulo. Mwange hakurudi ku koleji ile mwaka yenye ilifuata. Nilisikia anabeba mifuko ku depo, kisha anaendesha kamio ya mizigo. Sikuenda Katuba kumutafuta. Ni mbali, nilikuwa najiambia. Yeye alikuwa anakuya kila asubui kwa miguu.

Sasa matanga. Bâche ya buluu ya kivuli, biti ya plastiki, Maman Béatrice chini ku mukeka pembeni ya jeneza, amezeeka, na ku meza foto ya Évariste, muzima, na zile biatu. Zilikuwa zinangaa; ni mi nilizipaka. Bantu banasimama moja moja: Maître alikuwa baba, Maître alikuwa mwanga. Mi nikangoja yangu, mikono ku magoti. Muntu moja murefu, nyewele nyeupe, koti ya mugodi ya Kinsevere na mistari yake ya kumulika, akavuta kiti, akaikala pembeni yangu. «Adjoint. Udongo inasema nini?» Nikamutambua na ile neno: Mwange. Bakatuletea sahani moja ya bawili, vile banafanya ku matanga, bukari na mboga ya lenga-lenga, tukaanza kula. Akasema: «Unajua, vieux, huyu nilimuchukia maisha yote. Nilimuuliza uwanja, akaniambia ni sawa table. Angetembea na mi kama we, nisingeendesha kamio. We ulikuwa mugonjwa ile siku. Mama yangu alikuombea kanisani jumapili mbili.»

Nikaangalia bukari. Nikasema: «Mwange, sikuwa mugonjwa.»

Mukono yake ilikuwa mu sahani. «Siku gani?»

«Unajua siku gani. Nilijua ile kona. Nilikuwa na hasira na yeye. Sikutoka.»

Hakutoa mukono. Akafinya tonge ile, akaifinya tena, hakuipeleka ku mudomo. Ku meza muntu moja alikuwa anasoma barua ya bapadri. Kisha Mwange akauliza: «Na chai?»

«Chai gani?»

«Chai nilikuletea. Ulikunywa?»

«Nilikunywa.»

«Yote?»

«Yote.»

Akarudisha tonge mu sahani. Akavuta beseni, akanawa, kidole kwa kidole, sahani ikiwa nusu. «Mi nilitoka Kinsevere leo saa kumi na moja ya asubui kumusamehe huyu muntu,» akasema, na kidevu akaonyesha foto. «Nilienda pale ku jeneza, nikamuambia mu sikio: Maître, imeisha. Sasa ile musamaha yenye nilimupa, nitairudisha namna gani?» Mbele, ule mwenye kupanga maneno akaita mu mikro: «Na sasa, bantu ya Mungu, tunamuomba Adjoint ya Maître, muzee Adjoint, asimame!» Vichwa ikageuka. Mwange akajipangusa mikono ku koti. Akaniambia, bila kuniangalia: «Simama, Kichuguu. Banakuita.»

Nikasimama. Yale yote nilikuwa nimetayarisha, ya salon, ya pazia, ya kijana ya Kolwezi, ilikuwa mu kichwa, hakuna neno moja ilipotea, na sikuweza kutoa hata moja. Nikasema: «Mi naitwa Ngoie. Ile finale yenye tulipoteza, udongo ilikuwa mubaya, na mi njo nilijua.» Basi. Bantu bakapiga mikono. Balifikiri muzee anajishusha kwa heshima ya marehemu, mama moja akasema mpaka «amina». Maman Béatrice peke yake hakupiga. Aliniangalia vile hakuniangalia ile siku ya samaki.

Nikarudi ku kiti. Ya Mwange ilikuwa wazi. Sahani ilikuwa pale, nusu, na ile tonge juu yake na alama ya bidole yake. Musichana moja akapita anakusanya bintu, akauliza: «Papa, nitoe?» Nikamuambia aache.